Majina ya Nyuma ya Vitabu vya Mwalimu Mbwana

Usiku wa kuamkia leo nilipanda kitandani nikiijua hasara yangu: kurasa mia tatu na kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili nilipokuwa naziuza, na mara ya tatu gizani, wakati hazipo tena.

Zilikuwa za Mwalimu Mbwana, aliyenifundisha kusoma. Sebule yake ilijaa vitabu mpaka darini, na mtaa mzima uliazima kwa sharti moja: ukimaliza kitabu, andika jina lako ukurasa wa nyuma. Alipofariki, mjane wake aliniuzia vyote, maana kazi yangu ni vitabu vya mitumba.

"Mama, hiki kimeliwa na mchwa," nilivutana naye bei.

"Mchwa naye kasoma. Ongeza."

Tulipopatana, akaomba kurasa za majina nizichane nimrudishie. Nikamwambia Jumamosi. Nikazichana kweli. Kisha muuza karanga akazitaka za kufungia, nami sijawahi kumkatalia mtu aliyeshika pesa.

Nikalala, nikajikuta sebuleni kule. Rafu tupu. Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, mbele yake lundo la karanga zilizofungwa kwa kurasa zile. Anafungua moja, karanga anaziweka kando, karatasi anainyoosha gotini. Sasa sebule ni darasa, na madawati hayana watu.

"Zuhura binti Salum."

Anafungua nyingine.

"Athumani, fundi cherehani."

Kila asiyeitika anamsubiri, hana haraka. Vidole vyake vina chumvi. Kisha analitaja jina langu.

"Nipo, Mwalimu."

"Peke yako?"

Nataka kumtajia bei niliyolipa. Ananyanyua mkono.

"Vitabu ulinunua. Wasomaji nilikuuzia lini? Waite."

Nikaamka mdomo mkavu, una ladha ya chumvi. Alfajiri nikamwendea muuza karanga: karanga anazo, karatasi hana. Chini ya godoro langu imebaki moja tu, niliyoificha kwa sababu jina la kwanza ni langu, kwa mwandiko wa kitoto.

Leo Ijumaa. Kesho mjane wa Mwalimu anakuja. Ukweli nitamwambia, hilo siombi ushauri. Lakini ninyi mlioazima pale, na mnaowajua wengine, nishaurini: daftari la kuyaandika majina upya nimenunua, kalamu ninayo. Nianzie mlango wa nani?