Chumba cha Susu

Juzi nilimwona fundi akikwangua rangi kwenye kioo kwa wembe, na ule mkwaruzo ukanirudisha sebuleni kwetu Makindu. Mchoraji wa ramani za nyumba alikuwa ametandaza kazi yake mezani, nayo ilinuka wino.

"Kanjo kule baraza la mji hawatapitisha hii," alimwambia baba. "Vyumba vimekaribia choo sana. Kimoja lazima kitoke."

"Toa cha mama," baba akasema, bila hata kuinua macho.

Susu, mama yake baba, alikuwa ameketi papo hapo akichagua ndengu. Hakujua Kiswahili. Wiki nzima alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anamjengea chumba chenye dirisha la kioo.

Mchoraji akaikwangua mistari ya chumba hicho kwa wembe, polepole. Mimi nilidhani kinachotoka ni wino tu. Akaniambia nipulize vumbi lake, nami nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Susu akacheka, akanivuta kifuani. "Huyu ndiye nitalala naye kwa chumba changu," akasema kwa Kikamba.

Baba akacheka pamoja naye.