Sindano hapulizi filta tena

Kichwa cha Sindano kimezama chini ya dashibodi, miguu iko nje ya mlango, na kandambili moja imeshadondoka kwenye saruji. Ni saa mbili na robo asubuhi. Anabana pande mbili za kile kiboksi cha kuwekea karatasi mbele ya kiti cha abiria, kinashuka, na nyuma yake anachomoa kitu cheusi kilichojaa majani makavu, nywele na mdudu aliyekufa siku nyingi.

"Hii ndiyo hewa mliyokuwa mnavuta na watoto," anamwambia mwenye gari, mama aliyekuja akilalamika kuwa AC inanuka soksi.

Mama anaziba pua. Sindano anacheka mpaka anakohoa.

Filta ya ndani ya gari, wengi hawajui hata kama ipo. Sindano mwenyewe, mwenye miaka arobaini na sita sasa, hakuijua. Aliingia kwenye gereji hii ya kaka yake kushona viti, na ndiko lilikotoka jina. Alishinda ndani ya magari akipiga chafya kutwa, mpaka siku moja akaamua kulitafuta vumbi mahali linapotoka. Cherehani ikawekwa pembeni. Leo anahudumia magari manne hadi saba kwa siku, na anachopata kinalisha watu watano nyumbani, bila makeke.

Ana masharti yake, na ole wake muuzaji wa vipuri anayeyachezea. Filta haichaguliwi kwa kukisia. Ya zamani inalazwa juu ya mpya, anapima urefu, unene na mpira wa pembeni. Mpira ukiwa legelege, mzigo unarudi dukani, muuzaji anune asinune. Boksi la filta ya injini analipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kulifunga. Filta ya ndani ina mshale unaoonyesha hewa inaelekea wapi, naye huugusa kwa kidole kila mara, hata kama ameshauona.

Sharti kubwa kuliko yote: hapulizi.

Gereji nyingi huchukua filta chafu ya injini, zikaipiga upepo wa kompresa, ule ule wa kujazia matairi. Vumbi linaruka, filta inarudishwa, mteja anaondoka roho nyeupe. Hata hapa ilikuwa hivyo. Ukimuuliza Sindano kwa nini ameacha, kicheko kinakatika.

Palikuwa na mwalimu mstaafu mwenye gari kuukuu, alilolitunza kama mboni ya jicho lake. Ndilo lililompeleka mkewe kusafishwa figo mara mbili kwa wiki. Sindano aliipuliza filta yake mara tatu. Mara ya tatu alisogeza mpira wa upepo karibu mno, karatasi ikatoboka kwenye mkunjo, na hakuikagua. Vumbi likapata njia. Miezi minne baadaye gari likaanza kunywa oili na kufuka moshi wa buluu, kisha injini ikafa. Kaka yake akamwambia Mwalimu kuwa ni uzee wa gari tu.

"Mimi ni mshonaji," anasema Sindano. "Tundu dogo naliona kutoka hatua tatu. Lile nililiona injini ilipokwisha kufa, nikaitupa filta, nikanyamaza. Na Mwalimu akanishukuru kwa juhudi zangu. Alinishukuru, unasikia?"

Hayo yalitokea miaka miwili iliyopita. Tangu hapo mke wa Mwalimu amekuwa akienda kliniki kwa lifti za majirani.

Basi saa nne na nusu, huyo hapo Mwalimu anaingia getini na gari alilopewa na mkwe wake, mkewe kando yake. Sindano anamwamkia, anamuuliza hali ya mama. Mwalimu anafungua boneti kwa fahari na kuomba apuliziwe filta, kama zamani. Sindano anamjibu kuwa siku hizi hawapulizi.

"Mbona lile la kwanza ulikuwa unalipuliza, mwanangu?"

Angeweza kusema kompresa mbovu. Anakiri baadaye kuwa uongo huo ulishafika mdomoni. Badala yake anafuta mikono, anaichomoa filta ya gari hili, nayo ilishapulizwa kwingine, anaiwekea tochi ya simu kwa nyuma na kumwonyesha jinsi mwanga unavyopenya palipotoboka.

"Lile gari nililiua mimi, Mwalimu. Halikuwa limezeeka."

Upande wa pili kaka yake anaweka spana chini. Mwalimu anaichukua ile filta na kukaa juu ya tairi.

"Miaka miwili nimeamini nililiua mwenyewe," anasema, "kwa kuchelewa kubadilisha oili. Nimekasirika, mwanangu. Leo usiniombe nisikasirike."

Sindano haombi. Machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiwiko maana viganja ni vichafu.

Ni mke wa Mwalimu anayewatoa hapo. Anawakumbusha kutoka ndani ya gari kuwa kliniki haisubiri mtu. Sindano anatafuta filta inayoingia sawasawa, anapangusa boksi, anafunga. Mwalimu ndiye anayemshikia tochi, midomo ameibana.

Mpango wa Sindano sasa ni mdogo, asema akifunga boneti: kibao getini, "Hapa hatupulizi filta", wateja wajue mapema na kaka yake asione haya kukataa. Mbao ameshakata. Tatizo ni mwandiko wake, unaopanda na kushuka.

Mwalimu, aliyekwisha kuwasha gari, anashusha kioo.

"Jumatano tukitoka kliniki nitapita. Rangi iwe nyeusi," anasema, bila kutabasamu. "Nitaandika mimi."

Gari linatoka. Sindano anaenda kuutoa ubao nyuma ya mapipa, anauegemeza ukutani na kuanza kuupangusa kwa kitambaa chenye unyevu.