Nilivyompeleka Mbwa wa Mama Kinyangiri

Mama alipokuja kuishi kwetu Ihanja, baada ya miguu kumshinda, alishuka kwenye gari na begi, kigoda chake, na mbwa mdogo wa kahawia aliyemfunika kwa kanga. Mume wangu alimwamkia, akapokea begi, halafu akamtazama yule mbwa.

"Mama, na huyu naye?"

"Huyu ndiye anayeniamsha asubuhi," mama akajibu. Basi, yakaishia hapo.

Sisi tulikuwa na mbwa tayari, mbwa wa zizi, wenye vifua vipana, ambao kazi yao ni kulala nje na kupambana na fisi. Walimzunguka yule mdogo, wakamnusa. Mama akainua fimbo yake, wakaondoka. Ikawa hivyo muda wote mama alipokuwa hai. Mbwa mdogo aliishi miguuni pa mama. Alikula ugali uliobaki kwenye sahani yake, alilala chini ya kitanda chake, na hakujua lugha nyingine ila Kinyiramba, maana mama alimsemesha hicho tu. Watoto wangu wakimwita kwa Kiswahili, au kwa Kinyaturu cha baba yao, aliwatazama tu, hatingishi hata mkia. Jioni nilikuwa nakaa barazani nikichambua mboga ya mlenda, mimi na mama tukiongea Kinyiramba, naye mbwa amesimamisha masikio kama anayesubiri zamu yake.

Mama alifariki mvua zilipokuwa zinaisha. Tulimrudisha Kinyangiri kumzika, na katika pilika za msiba hakuna aliyemkumbuka mbwa. Niliporudi nilimkuta chini ya kitanda kitupu.

Wale wakubwa walijua mapema kuliko sisi kwamba mwenye fimbo hayupo. Kwanza walimnyang'anya chakula. Kisha wakamzuia kupita uani. Asubuhi moja nilikuwa nakamua ng'ombe nikasikia kelele. Nikakimbia na kindoo mkononi, maziwa yakinimwagikia miguuni. Mmoja alikuwa amemkamata shingoni, anamtikisa kama kitambaa. Nilimpiga na kile kindoo mpaka akamwachia.

Daktari wa mifugo alimshona palepale barazani, tumemlaza juu ya gunia. "Safari hii amepona," akaniambia akinawa mikono. "Safari nyingine usiniite mimi. Tafuta wa kuchimba shimo."

Mume wangu alijaribu. Alimfunga yule mkubwa aliyemng'ata kwa mnyororo, lakini haukupita muda fisi wakaingia zizini wakabeba mbuzi. Akaja kukaa karibu yangu.

"Mke wangu, mbwa wa zizi siwezi kuwaondoa. Na huyu wa mama nisingependa afie hapa."

Nilikuwa najua. Sikutaka tu kusikia mtu akilisema.

Nikampigia simu mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi peke yake Kinyangiri. Nilipomaliza kumwamkia nikamweleza. Hakuuliza mengi. "Mlete," alisema. "Mimi hapa nina kuku tu, na kuku wenyewe hawanisikilizi."

Nilimweka kwenye kapu, nikamfunika kanga ya mama, nikabadili gari Singida mjini. Njia nzima alitulia. Kila nilipoingiza mkono alilaza kidevu kwenye kiganja changu, na mimi nikaomba gari lichelewe.

Tulipofika, mama mdogo alikuwa jikoni. Nikafungua kapu uani. Mbwa hakutoka, alijikunyata humohumo. Ndipo mama mdogo, kabla hata hajatokeza mlangoni, akamwita kwa Kinyiramba: njoo hapa, we mtoto, njoo ule.

Ilikuwa sauti ya mama. Sikuwahi kuitambua hivyo, labda kwa sababu mama alipokuwa hai sikuwa na haja ya kuitafuta kwingine. Mbwa alisimamisha masikio, akaruka nje ya kapu, akakimbilia jikoni akilia kwa furaha. Mimi nilibaki nimesimama na kanga mkononi. Laiti nisingekuwa mtu mzima, mwenye watoto na mji wake, ningekimbia naye.

Kesho yake nilipoaga, alinifuata mpaka barabarani. Mama mdogo akamwita. Akanitazama, akageuka, akarudi kwa mwendo wa kukimbia, na lile kovu la shingoni likionekana wazi kwenye manyoya. Nilitaka iwe hivyo. Hata hivyo nililia ndani ya gari mpaka Singida.

Siku hizi ni mzima, amenenepa, analala ndani. Mimi nyumbani kwangu sina tena wa kuongea naye Kinyiramba. Watoto wanakielewa lakini wananijibu Kiswahili. Kwa hiyo jioni, kazi zikiisha, nampigia mama mdogo. Tunaongea habari za mvua, za kuku, za nani kaolewa. Wakati mwingine nyuma yake namsikia mbwa akibweka.

"Anasemaje?" namuuliza.

"Ananiita nikale," anasema. "Na wewe nenda kale, mwanangu."

Namwambia sawa. Lakini sikati simu, namwacha aikate yeye.