Jani la isale kwenye tamthilia

Tamthilia ile tuliiangalia kila jioni hapa Mwika, mimi, binti yangu na mama mkwe. Ilikuwa ya wake wenza wanaogombania nyumba, tukiicheka. Halafu siku moja, katikati ya ugomvi, akaingia nesi, akakaa na kikombe cha chai na kuanza kueleza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, taratibu, kama mtu anayesomewa pembeni.

"Huyo katumwa," mama mkwe akasema. "Nesi gani ana muda wa kukaa anywe chai?"

Nilikubaliana naye, sitaki kujifanya. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametangaza kwamba chanjo hiyo inakuja shuleni, na mzazi asiyetaka aandike barua. Mambo mawili kufuatana hivyo yalinitia wasiwasi.

Kilichoharibu kabisa ni isale. Mke mdogo alimpelekea mwenzake jani la isale amsamehe, mke mkubwa akalitupa chini. Kwetu hilo halipo. Ukiletewa isale lililofungwa fundo, hata uwe na hasira ya miaka, unapokea na unasamehe.

"Hata isale hawalijui, ndiyo wajue tumbo la mjukuu wangu?" mama mkwe akasema, akazima televisheni. "Andika hiyo barua, mama. Wanataka huyu asizae."

Niliandika. Ikakaa kwenye mkoba wangu. Kesho yake nilipita zahanati nikamuuliza nesi wa pale. Huyo hakuwa na chai, alikuwa na foleni. Alisema haizuii kuzaa, mkono utauma siku moja mbili, na binti yake mwenyewe amechanjwa. Nikawaza, na huyu je, si katumwa? Mshahara wake ni wa serikali. Lakini jambo moja nililomuuliza alisema halijui, ataniulizia. Yule wa kwenye tamthilia alijua kila kitu. Nikaona pia kwamba kukosea isale si kukosea chanjo. Nilikuwa nimeyachanganya, na umri huu.

Barua sikuipeleka.

Siku ya chanjo binti alirudi kutoka shuleni ameshika mkono. Bibi yake alielewa bila kuambiwa. Hakuniongelesha tangu mchana ule, na asubuhi chai akajichemshia mwenyewe.

Nikaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata isale, nikalifunga fundo, nikampelekea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Nimekukosea, nilikuficha."

Sikusema nimekosea kumchanja mtoto. Hapo ningekuwa nadanganya.

Marahaba hakuitikia, aliliangalia lile jani. "Umenibana," akasema. "Ningekuwa wa kwenye televisheni ningelitupa."

Akalipokea. Kisha akamwita mjukuu wake, akampandisha mkono wa sare, akamkagua bega kwa kidole.

Jioni alisogeza kiti mwenyewe. "Washa," akaniambia. "Tuone leo nesi wao katumwa nini."