Siku Tulipomwita Papa

Mwezi uliopita nilishuka tena Kalemie, baada ya kuzunguka Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi miaka mingi bila kutulia popote. Sokoni, muuza vyungu alikigonga chungu kwa kidole ili nisikie kwamba hakina ufa. Nikarudisha mkono, ndugu yangu. Sikuweza kukinunua.

Zamani zile mji ulikuwa bado unaitwa Albertville, nasi tulikaa mtaa wa watu wa reli. Asubuhi tuliamshwa na honi, mchana ilitujia harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani, jioni kila ua ulisonga bukari, ugali wetu. Jirani yetu alikuwa mwanamke mzee kutoka Marungu, upande wa Pepa. Sote tulimwita Kambo, kama bibi yetu wenyewe. Jumapili alikwenda misa. Siku nyingine aliwaita wafu. Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake, ambaye aliikuta wakati huko kwao hakuna aliyerithi shamba wala kumpa mtoto jina bila kuwauliza kwanza waliokufa. Mapadri walikataza, watu wakaendelea kwa siri. Wala haikuwa usiku, kama wengi wanavyodhani. Kambo aliita saa saba mchana, joto likiwa limelaza mtaa mzima.

Mwaka wa waasi, miaka michache baada ya uhuru, Papa, baba yangu, alipanda treni ya mizigo kwenda Kabalo, na nyuma yake njia ikakatwa. Miezi ikapita bila barua. Mama akawa hali, halali, kila mara yuko mlangoni. Mwishowe alinishika mkono tukaenda kwa Kambo.

Kambo alimimina maji katika chungu kipya, akatia unga mweupe kidogo, akamwita Papa kwa jina lake la utotoni, mara tatu.

"Mimi naita tu," alituambia. "Wa kusikiliza ni mutoto wake. Kama ni muzima, chungu kitanyamaza. Kama alikufa, atajibu."

Niliinamisha sikio. Nilikuwa na miaka minane. Sikusikia kitu, ila ubaridi wa udongo. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, nami nilikuwa nikimtazama usoni.

"Anajibu?"

Maneno ya Kambo niliyaelewa, lakini kwa akili yangu ya kitoto niliona kunyamaza ndiko kubaya zaidi: Papa akinyamaza, basi ametusahau.

"Ndiyo," nikasema. "Ameniita."

Mama alinyolewa nywele, akalala chini siku zote za kilio. Nguo za Papa waligawana ndugu zake.

Reli ilipofunguliwa, Papa alishuka stesheni amekonda, na mfuko begani. Wanawake walikimbia wakipiga kelele: "Mufu anarudi! Mufu!" Mzee mmoja akaja kumshika miguu, kuhakikisha ina joto.

"Munirudishie suruali zangu," Papa akasema. "Hata mufu hatembei uchi!"

Mtaa ulicheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikahamia kwa Kambo.

"Eh, Kambo, kesho utamuzika nani?"

"Muongo! Anazika watu wenye uhai!"

Watoto wakamrushia mchanga. Mimi nilikuwa katikati yao, mikono mitupu. Kambo alisimama mlangoni akanitazama, nikangoja aninyooshee kidole.

"Muniache," alisema. "Niko muzee. Masikio yangu yalichoka."

Lakini masikio yaliyosikiliza hayakuwa yake. Juma halikuisha, akapanda mtumbwi kwenda Zongwe kwa binti yake. Sikumuaga. Huko ndiko alikofia. Mtaani kwetu hakuna tena aliyeita wafu, na leo vijana niliowauliza habari hizo wamenicheka tu.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilirudi kumuuguza. Siku moja, nikimnywesha uji, nilimwambia yote. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unaniangalia mimi. Chungu hukukisikiliza."

"Sasa mbona ulikaa kilio, Mama?"

"Nilichoka kungoja, mutoto wangu. Uliposema ndiyo, nikaishika ile ndiyo yako."

Akageukia ukuta, nami nikabaki na kikombe mkononi. Kumbe tulijua watatu. Wawili tulibaki nyumbani, tukala bukari na Papa miaka mingi, hatukusema neno. Aliyepanda mtumbwi alikuwa mmoja.