Mama Soli na Mbegu ya Pembe Mbili

Kazi yake ilikuwa kusugua viatu vya watu, na aliifanya kwa macho makali kama ya askari wa forodha. Kila mgeni aliyekuja kutembelea bustani ya mimea alipitia kwanza kwenye kibanda chake langoni, akakanyaga beseni la dawa, kisha akainua mguu mmoja baada ya mwingine asuguliwe soli, asije akaingiza mbegu za magugu ya huko alikotoka. Wenzake walimpachika jina la Mama Soli. Hakukasirika, tena alilipenda.

Miaka kumi na miwili ya kuinamia miguu ilikuwa imemfundisha kutoamini midomo. Bwana mmoja mwenye tai alimwapia kwamba ametoka hotelini moja kwa moja.

"Hotelini kwenu wanafuga ng'ombe?" Mama Soli alimuuliza, akimwonyesha kilichoganda kisiginoni.

Maharusi waliokuja kupiga picha kwenye mianzi, walimu na wanafunzi wao, watalii wenye mabuti ya bei mbaya, wote kwake walikuwa waongo mpaka brashi iwasafishe.

Sasa Jumapili moja, akifua suruali ya mumewe, vidole vyake vilikutana na kitu kwenye pindo. Mbegu nyeusi, yenye ndoano mbili zilizojipinda kama pembe za mbuzi. Aliacha kufua, akakaa chini. Mbegu ile aliijua kuliko alivyowajua mashemeji zake. Mmea wake uliletwa kutoka nchi ya mbali na ulipandwa mahali pamoja tu: tuta moja la mteremkoni, upande wa juu wa lango kuu la bustani, karibu na mlango wa nyuma wanaopitia wafanyakazi. Na mumewe alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi aliaga kwamba anakwenda kufungua kibanda chake sokoni, upande wa pili kabisa wa mji. Bustani aliitembelea mara moja tu, mwaka waliooana, akashinda akilalamikia mbu.

"Baba watoto, kazi vipi siku hizi?"

"Nyingi. Sare za shule. Mgongo wote unaniuma."

"Pole. Na huko sokoni kwenu kumeota majani?"

"Majani gani tena, mama watoto?"

"Nauliza tu."

Basi usingizi ukamruka. Karibu na mlango ule wa nyuma ndipo alipofanya kazi mtunza maua ya okidi, mjane mwenye shingo ndefu na kicheko chepesi. Mama Soli aligeuka huku, akageuka kule. Aibu ya watu angeweza kuimeza. Lakini yule mwanamume alimpenda, mkoromo wake na yote, na miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwa tayari kumwachia mtu kwa sababu ya shingo.

Jumatatu, jua lilipokuwa limekolea, alimwachia brashi mkata tiketi, akasingizia tumbo, akapanda mteremko kwa njia ya nyuma. Kwenye nyumba ya okidi alichungulia. Mjane alikuwa peke yake, anamwagilia maua na kujiimbia. Mama Soli akazidi kushuku, akasonga mbele mpaka kwenye lile tuta. Hapo akaziona soli mbili zimechomoza kwenye mianzi, ya kushoto ina kiraka cha mpira. Kiraka kile alikishona mwenyewe. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi, shingo ameinyoosha kuelekea langoni.

"Unamtafuta nani?"

Fundi alishtuka, akajigonga kichwa kwenye mwanzi. Hakuwa na pa kukimbilia, akasema yote. Mteja mmoja alimwambia kwamba mkewe anashinda ameshika miguu ya wanaume na kucheka nao. Moyo wake ukawaka moto. Siku tisa alikuwa amefunga kibanda chake, akipenya kila asubuhi kwa mlango wa nyuma na kulala pale kumpeleleza.

"Ukaona nini?"

"Sijaona kitu. Unasugua viatu tu. Haki ya Mungu, hata kucheka hucheki."

Mama Soli alihisi mzigo umemtoka kifuani. Hakuna mjane, hakuna shingo! Alikuwa na furaha, na kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni, alipokumbuka jambo.

"Alhamisi ulikuwepo?"

Alhamisi iliyopita Mama Soli aliteleza na ndoo ya dawa, akaanguka chali kwenye matope, akabaki pale ameshika nyonga mpaka mgeni mmoja, mwanamume asiyemjua, alipokuja kumwinua.

"Nilikuwepo."

"Uliniona nikianguka?"

"Nilikuona."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwangalia yule bwana," alisema, "anakushika wapi."