Roshani ya Mama Mkwe

Mwaka ule tulipohamishiwa kijijini, nyumba zetu zilipangwa kwa kamba. Bwana mmoja alivuta kamba toka ofisi ya kijiji mpaka mtoni, na kila aliyefika akapewa pa kujenga. Nyumba sawa, milango sawa, baraza sawa, zote zinatazama barabara. Hakuna aliyeuliza nani ni mkwe wa nani. Majina ya wote waliojenga mstari wetu ninayo mpaka leo, toka wa kwanza hadi wa mtoni, lakini siyaandiki, maana wajukuu zao wanasoma.

Nilikaa na mama mkwe wangu, mama yake mume wangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu tukiwa kule mlimani tulikotoka, ila kule hakuhitaji macho. Njia aliijua kwa miguu. Palipoanza mteremko palikuwa kwetu, paliponukia zizi palikuwa kwetu, na jiwe la kusagia ulezi alilifikia bila kushikwa mkono. Kijijini ardhi ilikuwa tambarare, na mazizi yote yaliwekwa nyuma, upande mmoja. Akabaki anahesabu milango kwa fimbo.

Mlango wa tatu toka kwetu alikaa wifi yangu, binti yake wa kwanza, na mume wake. Na sisi Wakurya, mama na mume wa binti yake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Na kuingia anapolala mkwe wako ni jambo ambalo hata ulevi hautalitetea.

Siku moja alitoka kuanika ulezi, akakosea hesabu. Akaingia nyumba ya mkwe. Mkwe alikuwa amejilaza kitandani, homa imemshika. Alipomwona, akajifunika blanketi mpaka kichwani na kunyamaza. Mama akaketi pembeni ya kitanda, akidhani ni mwanawe, mume wangu.

"Wewe mura, kijana wangu, umelala mpaka saa hizi? Unajifunza kwa mkwe wetu? Yule mtu anakoroma! Milango mitatu mbali, na bado namsikia. Binti yangu atazeeka kwa kukosa usingizi."

Chini ya blanketi mtu akakohoa. Mama alikijua kile kikohozi.

Alitoka akiwa amejifunika uso kwa nguo, akaanguka kizingitini, nikamkimbilia. Wazee walikaa, mbuzi akachinjwa, mambo yakaisha kimila. Lakini kwake hayakuisha. Hakutoka tena nje. Jua lilimfuata mlangoni likamwacha. Chakula alikuwa anakionja tu na kunirudishia bakuli.

Mume wangu alimwambia, "Mama, tutafunga kamba toka mlangoni mpaka unapoanika ulezi. Utaishika."

"Mimi si ndama," akasema, akageukia ukuta.

Nilianza kuogopa. Mtu wa umri ule akigeukia ukuta, mara nyingi hageuki tena. Na alikuwa amenipenda, mama yule. Nilipofika kwake bibi harusi sijui hata kusonga ugali wa watu wengi, alikuwa ananisongea yeye na kuwaambia watu nimesonga mimi.

Ndipo nikaenda Tarime sokoni na ndizi zangu. Pale mjini kulikuwa na nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara mmoja, yenye roshani iliyotushangaza wote. Alikuwa ameona kwenye kalenda picha ya jumba la mabwana wakubwa wa Ulaya, akampa fundi ile kalenda na kumwambia, nitengenezee kama hii. Fundi akatengeneza. Chini ya roshani simba wawili waliibeba mabegani kama watu waliobeba mzigo wa kuni. Katikati kulikuwa na mashada ya maua na matunda, na huku na huku watoto wanene wa saruji, wamevimbisha mashavu kama wanapuliza moto. Watu walisema simba mmoja ana sura ya karani wa zamani. Mimi nilikuwa nikisimama kila nikipita, mpaka shingo iniume.

Siku hiyo nilimkuta fundi mwenyewe juu ya ngazi, mzee Mwislamu aliyetoka pwani zamani. Alikuwa anaipaka roshani chokaa. Nikaona jambo. Alikuwa amefumba macho! Mkono mmoja una brashi, mwingine unapapasa pua, paji la uso, shavu, kisha brashi inafuata.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Usisimame hapo, utageuka mzungu."

"Mbona umefumba macho?"

"Chokaa inachoma. Hawa nimewatengeneza mwenyewe, mkono unawajua. Huyu ana kovu kidevuni, nilimwangusha. Yule pua yake imelala."

Nikasimama pale na kapu langu. Nikamwuliza udongo mtupu, bila saruji, unaweza kushika ukutani ukawa na sura?

"Unamjengea nani roshani?"

"Mama mkwe."

"Ana ghorofa?"

"Ana baraza."

Akacheka hadi ngazi ikatikisika. Lakini akashuka, akanionyesha kwa kidole kwenye vumbi. Kwanza kwaruza ukuta, uwe na meno. Pigilia vijiti. Lowesha. Paka udongo wa kwanza na uuache unywe upepo, ndipo upake wa pili. "Sura usiifanyie haraka. Ukiikimbiza itakuangukia."

Nilichukua udongo wa kichuguu, nikauchanganya na mavi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa. Pembeni ya mlango wetu, pale mkono wa mama unapofika, nikafinyanga kichwa cha ng'ombe, na pembe nikazitia vijiti ndani. Sikuwa fundi. Akili yangu ilikuwa bado kwa wale watoto wa roshani, na ng'ombe wangu akatoka na mashavu.

Bwana wa kamba akapita. "Mama, tulisema nyumba zote ziwe sawa."

"Ziko sawa, bwana. Hii ina pua tu."

Akaangalia, akauma mdomo asicheke, akaenda zake.

Kilipokauka nilimshika mama mkono, nikauweka pale. Akapapasa pembe, akashuka usoni, akasimama kwenye mashavu.

"Huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri, mama."

"Naona. Amekuwa kiongozi."

Kesho yake alitoka nje peke yake, fimbo mkono mmoja, mwingine unateleza ukutani. Nililia jikoni nikisingizia moshi.

Lakini kijiji ni kijiji. Wanawake waliona, wakataka. Kabla ya mavuno mstari mzima ulikuwa na vichwa vya ng'ombe, na wifi yangu alitengeneza kizuri kuliko changu. Mchana mmoja nikamwona mama kwenye baraza ya mkwe, kiganja kiko juu ya pembe, mguu umeinuka kuvuka kizingiti. Nikaanza kukimbia. Mkwe, aliyekuwa uani anachonga mpini, akakohoa kwa nguvu zake zote.

Mama akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Nilifika nikamshika. Nikasema nitavibomoa vyote, hata changu.

"Acha," akasema. Akavuta pumzi. "Nyie watoto mmefugwa na nani? Ng'ombe wote wana pembe. Baba zenu walimtambua wa kwao kwa nini, wakichanganyika mtoni?"

"Kwa masikio, mama."

"Basi leteni kisu."

Maana kwetu kila mji wa mtu ulikuwa na mkato wake wa sikio la ng'ombe, na mama yule, binti wa wafugaji, aliijua yote. Tukatia udongo mbichi kwenye masikio, na yeye akapita mlango kwa mlango, mwenye nyumba amemshika kiwiko. Huyu akamkata ncha, huyu akamtoboa, huyu akampasua katikati, akitaja ukoo wa kila mmoja na kuwatania kwa ng'ombe walioibiwa zamani.

Tulipofika karibu na kwa mkwe, akasimama mbali. Wifi akafinyanga sikio juu ya ubao, akamletea. Mama akalikata taratibu, mara mbili, akalipuliza, akamrudishia binti yake.

"Kalibandike. Na mwambie mwenye nyumba alale chali, labda kukoroma kutapungua."

Toka siku hiyo asubuhi aliutembea mstari wote, akisalimia kila nyumba kwa sikio lake. Nilikuwa nikisimama mlangoni nimtazame. Akifika kwa mkwe anagusa mkato ule kwa ncha ya kidole, anavuta nguo usoni, anashuka barazani na kupita pembeni, mpaka anafika kwetu na kuniuliza kama uji umeiva.